Sajini Meja Msabah Kificho Simai na Askari Nambari Arobaini na Moja

Sajini Meja Msabah Kificho Simai amelitumikia jeshi la polisi miaka thelathini na tisa kamili. Aliingia tarehe mosi Julai 1986, kijana wa miaka ishirini na mmoja mwenye kiuno cha nyigu. Anatoka tarehe thelathini Juni 2025, na habari za kiuno tuziwache. Wakubwa wa chuo wameomba kila idara itoe maneno yake kwa kijitabu hiki cha sherehe. Ya jikoni nimeyasema mimi, Mwatima binti Pandu, mpishi wa makurutu, na Nadra wa ofisini ndiye aliyeyaandika. Nimemkataza asinipambie.

Nianze na kazi yake, maana mtu anaagwa kwa kazi.

Lindo lake la kwanza lilikuwa Mji Mkongwe, kwa miguu, vichochoro vyote kuanzia Shangani mpaka Malindi. Wenzake walikuwa wakijisifia wezi. Yeye kilichompa jina ni kitanda. Siku moja ya Alkhamisi kitanda cha harusi, cha mti mzito chenye nakshi na vioo, kilikwama katikati ya kichochoro baina ya baraza mbili. Hakiendi mbele, hakirudi nyuma. Upande huu bibi harusi analia, upande ule watu wamebeba jeneza wanataka kupita kwenda kuzika, na mwenye kitanda anaapa kuwa asiyemcha Mungu ndiye atakayekigusa kwa msumeno. Konstebo Msabah akavua kofia, akapita chini ya kitanda kwa magoti, akazungumza na wa jeneza kwanza. Akatafuta fundi, kitanda kikafunguliwa kipande kimoja kimoja, na kila kipande akakiandika katika daftari lake. Maiti akapita, kisha harusi ikapita. Jioni akaandika kituoni: "Kitanda kimoja, kilichokwama, kimeachiwa huru bila ya masharti." Mkuu wake akamwita amkaripie, akashindwa, akacheka mpaka akakohoa.

Baada ya hapo alipelekwa Mtoni, kisha Mangapwani, kisha Kizimkazi. Huko Kizimkazi alikaa miaka sita akiamua ugomvi wa wenye boti za kupeleka wageni kutazama pomboo. Kila mwenye boti alidai pomboo wa asubuhi ni wake. Msabah aliwakalisha wote chini akawauliza ni nani kati yao aliyemlipia pomboo mahari. Ugomvi ukaisha kwa siku mbili, ukaanza tena siku ya tatu. Ndiyo polisi hiyo, wala hakuna aliyeahidiwa zaidi.

Mwaka 2003 akaletwa hapa chuoni kufundisha, na hapa ndipo nilipomjua. Siku ya kwanza alikuja dirishani jikoni, akanyoosha kikombe, akasema chai haina sukari. Nikamwambia sukari iko, ila haijamjua bado. Tangu siku hiyo tumegombana kila asubuhi, na asubuhi asiyokuja mimi huuliza kama anaumwa.

Somo lake lilikuwa asili ya polisi. Makurutu wakija hapa hudhani polisi ilishuka kutoka mbinguni na buti zake. Yeye huwakalisha akawaeleza ilivyoanza. Kwanza walinzi wa mji wa zama za masultani, watu wa kutoka huku na huko, wengine hawajui hata kuuliza njia. Halafu wakaja Waingereza wakawapanga safu, wakawapa tarbushi nyekundu na kaptura, miguu mitupu, na kila mmoja nambari ya shaba ya kubandika kifuani. Mara kituo cha nyumba moja chenye askari wawili, mara askari kumi, mara baiskeli ya kwanza, ambayo askari waliiogopa kuliko mwizi. Hatimaye vituo vya mashamba, farasi wa wakubwa, na baadaye kabisa, baada ya Mapinduzi na Muungano, wanawake nao wakavaa sare. Mimi nilikuwa nikimsikiliza kupitia dirishani huku nakuna nazi. Lipo neno lake moja ambalo silisahau. Makurutu walimuuliza kwa nini askari wa mwanzo wengi walikuwa wageni. Akasema, "Mtawala hapendi askari mwenye shangazi mtaani. Askari mwenye shangazi huulizwa, wewe mwana wa fulani, unamshika nani hapo?"

Alilifundisha vizuri somo hilo. Lakini ndani yake mlikuwa na uongo mmoja, na uongo huo nusura aondoke nao kazini. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu yeye mwenyewe amesema lielezwe, na kwa sababu mtu akiagwa kwa sifa tupu huwa kama chakula cha mgonjwa, hakina chumvi.

Chuoni liko daftari la zamani la askari sitini wa mwanzo wa Unguja. Limeandikwa kwa Kiingereza, wino umegeuka rangi ya kutu. Kila nambari ina jina lake, isipokuwa nambari arobaini na moja. Hiyo imekatwa kwa mistari miwili ya wino mwekundu, kwa hasira ya mkono, hata jina halisomeki. Mwalimu aliyemtangulia Msabah alimwambia huyo alikuwa mtoro wa kwanza, aliyetupa kazi akakimbia. Msabah akalipokea hivyo hivyo, naye akawapa wengine. Kila kundi la makurutu, siku ya kwanza, alilionesha daftari hilo na kusema, "Huyu alikimbia. Jina lake hakuna anayelijua tena. Msiwe Arobaini na Moja."

Na vijana walivyo, wakalifanya tusi. Aliyechelewa gwaride ni Arobaini na Moja. Aliyetoroka kwenda kwao Idi bila ya ruhusa ni Arobaini na Moja. Hata mimi, Mungu anisamehe, kurutu akijificha asioshe masufuria nilikuwa nikimwita hivyo. Miaka ishirini na mbili chuo kizima kilimcheka mtu mmoja ambaye hakimjui.

Alipobakiza mwaka mmoja kustaafu, Msabah aliomba chumba. Kilikuwa stoo ya baiskeli mbovu na panya. Akakisafisha kwa mikono yake, akakipaka chokaa, akasema kitakuwa chumba cha kumbukumbu ya askari wa mwanzo. Akazunguka Unguja nzima akiomba vitu vya zamani: tarbushi, filimbi, kandili, buti za misumari. Akamwagiza fundi wa Mjini achonge ubao wa mvule wenye majina yote ya daftari lile, arobaini kisha arobaini na mbili, bila ya nafasi katikati.

Mwezi wa Januari wakubwa walimpa gari na dereva kwenda kusini, upande wa Makunduchi. Nikapanda nami, nina mkwe wangu huko, kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyasikia kwa masikio yangu. Tulielekezwa nyumba ya Bi Mwatum binti Usi. Umri wake umepita tisini, mkono wake bado unasuka ukili haraka kuliko macho yangu yanavyofuata.

"Shikamoo, Bi Mwatum," Msabah akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumkamata nani?"

"Sikuja kukamata. Nnatafuta vitu vya askari wa zamani."

"Basi umechelewa. Wazee wenyewe wameshakufa, na vitu vyao watoto washavichezea."

Akatukaribisha barazani. Akaleta mihogo ya nazi. Msabah, ili kuyapasha moto mazungumzo, akaanza hadithi zake za darasani. Akaeleza tarbushi, akaeleza baiskeli, dereva anacheka. Kisha akaieleza ile aliyozoea kufungia somo, ya mtoro wa nambari arobaini na moja. Bi Mwatum akaacha kusuka. Akachukua kijaluba chake cha tambuu, akatoa popoo, akatoa chokaa, akatoa mpaka kitambaa cha chini, na ndani ya kitambaa kulikuwa na kipande cha shaba. Akamtupia mapajani.

"Nisomee hicho. Miye sikusomeshwa."

Msabah akakigeuza. Kilikuwa na tarakimu mbili. Akakigeuza tena upande wa pili.

"Nisomee, mwanangu."

"Arobaini na moja, Bi Mwatum."

"Cha babangu hicho. Usi Nahodha. Haya, imalizie hadithi yako. Alikimbia akenda wapi?"

Wallahi nimeishi miaka sabini na nne, sijaona mtu mzima mwenye vyeo begani akitafuta pa kuyaweka macho yake kama siku ile. Dereva akenda kuitazama gari, na gari haikuwa na kitu.

Bi Mwatum hakupiga kelele. Alieleza kama anayeeleza njia ya kisimani. Baba yake alikuwa mmoja wa wachache wa kusini waliochukuliwa uaskari mjini. Mwaka mmoja ikafika siku ya Mwaka. Kwa asiyejua, sisi wa Unguja kusini siku ya Mwaka wanaume hupigana kwa mabua ya migomba uwanjani, kweli kweli, na matusi juu. Mwenye kinyongo na nduguye hukitoa siku hiyo. Wakimaliza hukumbatiana, mwaka mpya ukaingia bila ya deni la moyo. Afisa wa Kizungu, mgeni wa miezi miwili, akapata habari kuwa kusini watu wanauana. Akaja na askari wanane na marungu, Usi Nahodha akiwa mmoja wao. Walipofika wakakuta vumbi na kelele, afisa akaamuru washikwe wote.

Usi akamwambia, Bwana, huu si ugomvi, hii ni dawa ya ugomvi. Afisa akasema hajapata kuona dawa yenye kupiga watu vichwani. Usi akaeleza tena. Afisa akatoa amri mara ya pili.

"Babangu akaangalia uwanjani," Bi Mwatum akasema. "Shemegi yake yuko pale, ana kisasi naye cha mnazi wa mpakani. Ami yake yuko pale. Na wale askari wenziwe wameshika marungu, hawajui hata wanampiga nani. Akavua tarbushi. Akavua mkanda. Akaviweka juu ya jiwe vizuri, hakuvitupa, wameniambia waliokuwepo kuwa hakuvitupa. Akaokota bua la mgomba akaingia. Shemegi yake akamtandika mpaka akakaa chini. Akainuka akamtandika yeye. Kisha wakakumbatiana wakicheka, na mnazi ukagawiwa pale pale. Wale askari wakaona, wakateremsha marungu. Hakushikwa mtu siku ile. Kesho yake babangu kafukuzwa kazi."

"Mbona hamkusema miaka yote?" Msabah akamuuliza.

"Nani alikuja kutuuliza? Nyinyi mkija huwa mna karatasi mshaandika."

Tulirudi chuoni. Siku mbili Msabah hakuja dirishani. Siku ya tatu alikuja, akanywa chai bila ya kuitukana, nikajua yuko taabani.

"Bi Mwatima," akaniambia, "nimebakiza miezi mitano. Nikitoka hapa na uongo huu, utabaki. Nimefundisha makundi ya vijana miaka ishirini na mbili mfululizo, na kati yao washatoka walimu. Watoto wao watafundishwa kumtukana yule mzee."

"Basi useme."

"Si kusema tu. Jina lake lazima liwe ubaoni. Na yule mama ana miaka tisini na kitu."

"Basi usikae hapa unakunywa chai," nikamwambia. Huo ndio msaada wangu wote katika jambo hili.

Akenda kwa Mkuu wa chuo, Mrakibu Abdulhakim Mudrik. Lazima niseme jambo moja kuhusu Mrakibu, naye ameniruhusu huku akikunja uso. Alikuwa kurutu wa kundi la kwanza la Msabah, na alikuwa mchelewaji. Ndiye kurutu wa kwanza kabisa kuitwa Arobaini na Moja hapa chuoni, miezi tisa, asubuhi na jioni. Kwa hiyo nambari ile hakuipenda. Akamjibu Msabah kwa heshima lakini kwa mkato: ubao ule ni wa heshima, aliyefukuzwa hawekwi ubao wa heshima. Na maneno ya bibi kizee, pamoja na heshima zake zote, si ushahidi. Kama upo ushahidi wa maandishi, uletwe.

Kuanzia hapo kila siku yake ya mapumziko Msabah alikuwa Kilimani, kwenye nyumba ya nyaraka. Alikwenda wiki kumi na moja. Ramadhani ikaingia, akawa anakwenda na saumu yake, anarudi magharibi pua imejaa vumbi la makaratasi. Mkewe akanipigia simu kuniuliza kama mumewe kaposa. Nikamwambia kaposa kweli, ila bibi harusi ana umri wa miaka mia na anakaa ndani ya sanduku.

Mwisho wa Aprili akaipata. Ilikuwa ripoti ya yule afisa mwenyewe, ukurasa mmoja na robo. Akaitafsiri kwa Kiswahili kwa mkono wake, akaja kunisomea mimi kwanza, kwa sababu alitaka asome kwa mtu asiyesimama wima akisomewa. Karibu yote ilikuwa malalamiko ya jua na barabara. Lakini katikati palikuwa na maneno haya: "Askari nambari 41 alivua kofia na mkanda, akaviweka juu ya jiwe, akaingia katika ghasia na bua la mgomba. Nilipomwita alikuja mara moja, akasimama mbele yangu, akasema yuko tayari kwa adhabu. Hakuna aliyeumia. Nimependekeza afukuzwe kwa kuvua sare akiwa kazini."

Nikamwambia airudie sehemu ya kuitwa. Akairudia.

Mrakibu Abdulhakim aliisoma karatasi hiyo peke yake, mlango umefungwa. Alipofungua akamuuliza Msabah neno moja tu.

"Aliitwa akaja?"

"Naam, Afande. Mara moja."

"Mimi ulikuwa ukiniita mara tatu."

"Nne, Afande."

Mrakibu akakubali jina liwekwe. Lakini akaweka sharti, na kwa haki yake kama mkuu: lazima pembeni iandikwe kuwa alifukuzwa, kwa sababu alifukuzwa, na chuo hakiwezi kuusahihisha uongo mmoja kwa kutunga mwingine. Msabah hakulipenda sharti hilo hata kidogo. Aliona ni kumpa mzee mkono mmoja na kumpiga kibao kwa mkono wa pili. Akaogopa kwenda kumwambia Bi Mwatum. Mtu aliyewahi kuingia peke yake nyumba yenye mwizi wa panga, akaogopa kwenda kwa bibi wa miaka tisini. Nikapanda gari tena kumsindikiza.

Bi Mwatum akamsikiliza mpaka mwisho.

"Wataandika kafukuzwa?"

"Ndiyo, Bi Mwatum. Nimejaribu kulizuia."

"Umejaribu kulizuia kwa nini? Kwani hakufukuzwa?"

"Alifukuzwa, lakini..."

"Hebu wacha lakini zako. Kufukuzwa hakukumtia haya babangu. Alitusimulia mwenyewe, akicheka, tunapura mpunga. Neno lililomuuma kaburini ni hili lenu la kukimbia. Andikeni alifukuzwa. Kisha andikeni hakukimbia. Yote mawili, kwa herufi sawa, lisiwe moja kubwa na moja dogo."

Ndivyo ilivyoandikwa. Fundi wa ubao alilalamika kuwa hakuna nafasi baina ya arobaini na arobaini na mbili, Msabah akamwambia itafute. Kwa hiyo ukiingia chumba kile leo utaona mstari mmoja uliobanana kuliko yote: "41. Usi Nahodha. Alifukuzwa. Hakukimbia." Fundi amesema ni kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya na asitajwe jina. Simtaji.

Chumba kilifunguliwa tarehe kumi na mbili Juni, mbele ya gwaride la makurutu mia na themanini na wakubwa waliotoka Mjini. Bi Mwatum alikaa kiti cha mbele, kanga mpya, mkoba wake wa ukili mapajani. Msabah alikuwa amepewa dakika kumi za kueleza asili ya polisi. Alitumia mbili. Alisimama wima, akaita kwa sauti ile ile ya gwaride.

"Makurutu! Siku yenu ya kwanza nilikwambieni nambari arobaini na moja ni mtoro. Nilikosea. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na maneno ya kuambiwa, na nimeyasema miaka ishirini na mbili. Askari anayemtuhumu mtu kwa maneno ya kuambiwa si askari. Huyu alivua sare ili watu wasipigwe, na alipoitwa akaja akapokea adhabu yake. Alitenda kosa la sare, akaadhibiwa. Mimi nimetenda kosa la kumvunjia mtu heshima, na sijaadhibiwa. Binti yake huyo hapo. Bi Mwatum, nimekukosea wewe na mzee wako. Nnaomba radhi."

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la maandazi. Wakubwa wakatazamana, maana jambo hilo halikuwamo katika ratiba. Bi Mwatum akainuka kwa fimbo yake, hakutaka kushikwa mkono.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Kwetu radhi ya namna hii haitolewi kwa mdomo. Umetutukania mzee wetu miaka ishirini na mbili, na kwetu kinyongo kina siku yake na pahala pake. Mwezi ujao ni Mwaka. Nnao wajukuu saba wanaume, mkubwa wao Amour, mkono kama mpini wa shoka. Utakuja uwanjani. Watakupiga kwa mgomba, na wewe utawapiga, ukiwaweza. Kisha mtakumbatiana, utakuja kwangu ule, na neno hili liishe."

"Ntakuja, Bi Mwatum," Msabah akasema.

"Na huyu mkuu wenu naye nimesikia alikuwa na mdomo."

Mrakibu Abdulhakim akatazama juu, akatazama chini. "Mimi nilikuwa naitwa hivyo, Bi Mwatum, sikuwa naita."

"Na ulipokuwa mkubwa uliwakataza?"

Hakuwakataza. Akasema naye atakuja. Makurutu waliokuwa wamekakamaa gwarideni wakashindwa, wakacheka mia na themanini kwa pamoja, na hakuna aliyeadhibiwa.

Kwa hiyo ndugu wasomaji wa kijitabu hiki, Sajini Meja Msabah hatumuagi aende kupumzika. Tarehe thelathini Juni anarudisha sare, mkanda, filimbi na funguo za chumba cha kumbukumbu, navyo vitahesabiwa mbele yake kama ilivyo ada. Wiki tatu baadaye atakwenda kusini akiwa raia, na hatakuwa na sare ya kuvua. Mkewe amenunua mafuta ya mchaichai ya kumchua mgongo, chupa mbili. Nimemshauri tatu.

Afande Msabah, umeondoa uongo wako mwenyewe katika kazi yako kabla hujatoka mlangoni. Wengine huondoka wakauacha, tukabaki sisi tukiupika. Jikoni tunakushukuru kwa miaka ishirini na mbili ya kelele zako dirishani, kwa vijana uliowafunza kupiga hodi kabla ya kupiga mtu, na kwa kumsalimia kila mwosha vyombo kwa jina lake na la babake. Mungu akupe umri mrefu, mgongo imara, na nyumba isiyokwama kitanda mlangoni mwake.

Nenda ukapigwe, mwanangu. Ukumbatiwe. Kisha kaa kwa Bi Mwatum ule mpaka ushibe, na usimwambie kuwa chai yake haina sukari.